Mkubwa Sharti Atoke Kwenye Benchi

Mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakila unga wa njano ulioletwa kwa meli, ule uliobatizwa unga wa Yanga, Simeo Hiza alikuwa na miaka hamsini na mitano. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuosha miguu ya watu wengine.

Hakuwa padre, na daktari hakuwa. Alikuwa dresa wa kambi ya wakoma ya Kwemihama, porini, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka barabara ya Handeni. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata ukali, alipanga makarai chini ya banda la nyasi, akachota maji kwenye pipa, akayagawa. Wagonjwa walikuja mmoja mmoja, wengine kwa magongo, wakaketi kwenye benchi refu la mninga na kutumbukiza miguu. Hapo ilibidi wakae, muda wa kutosha wali kuiva, mpaka ngozi ilainike. Ndipo Simeo alipopiga magoti na jiwe lake, akasugua sugu, akapaka mafuta, akachungulia katikati ya vidole kama mtu anayechagua mchele.

Mguu wa mkoma hauna habari. Si ugonjwa wenyewe unaoukata, kama wengi wanavyodhani. Ni mwiba, ni changarawe ndani ya kiatu, ni kaa la moto ambalo mwenyewe amelikanyaga na kuendelea na safari yake. Kazi ya Simeo ilikuwa kuona kwa niaba ya miguu isiyosikia. Hata viatu alishona yeye, makatambuga ya tairi yenye sponji laini ndani, kila jozi kwa kipimo cha mguu mmoja tu duniani.

Alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Siku alizokwenda Korogwe kufuata dawa, aliketi stesheni na kujikuta anatazama abiria kuanzia chini: huyu anachechemea, yule kiatu kinambana, huyu kisigino kimepasuka. Uso aliufikia mwisho, na mara nyingine hakuufikia kabisa. Kule Mazinde, pembeni ya mashamba ya mkonge, mkewe Serafina alikuwa amesimamia ujenzi wa nyumba ya vyumba viwili na paa la bati. Kila mwaka Simeo alimwambia: mvua hizi zikiisha, nakuja. Sasa barua ya kustaafu ilikuwa mkononi, imepigwa muhuri, na mvua hata hazikuwa zimenyesha.

Jambo lililomzuia lilianzia mbali sana, kwenye mji ambao hakuna mtu wa Kwemihama aliyewahi kuuona.

Mwaka wa hamsini na mbili, Simeo alipofika pale akiwa ametoka kujifunza kazi, kambi ilikuwa mikononi mwa mtawa wa Kizungu aliyeitwa Sista Benedikta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyesema Kiswahili cha vitabuni na Kizigua cha sokoni. Huyu ndiye aliyeanzisha desturi ya hadithi. Alisema mtu akikaa na miguu majini bila la kufanya ataitoa mapema, kwa hiyo afadhali masikio yapewe kazi. Alisimulia mengi, na mengi yalisahauliwa. Hadithi iliyobaki ilikuwa moja.

Zamani sana, alisema, zaidi ya miaka mia nane iliyopita, nje ya ukuta wa Yerusalemu palikuwa na nyumba ya wakoma iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Lazaro. Wakati huo askari wa Ulaya walikuwa wamekuja na misalaba kwenye mavazi yao, wameuteka mji. Miongoni mwao walikuwamo wa vyama vya kiapo, watawa wenye panga. Askari wa namna hiyo akipatwa na ukoma, hakurudishwa kwao. Alipelekwa kwenye nyumba ya Lazaro, akavaa vazi la pale, akaishi na wagonjwa wenzake. Na vita ilipoitwa, wakoma wale walipanda farasi wakaenda.

"Sista," aliuliza mgonjwa mmoja aliyeitwa Kibwana, "walikwenda kupigana na nani?"

"Na Waislamu."

Zaidi ya nusu ya miguu iliyokuwa majini ilikuwa ya Waislamu.

"Basi sisi hapa ni mateka," Kibwana alisema, na watu wakacheka mpaka maji yakamwagika. Alingoja wamalize. "Na upande wa pili, Sista, wao hawakuwa na wakoma?"

"Lazima walikuwa nao."

"Wangewakutanisha hao kwa hao. Wangeoshana miguu, vita ikafia hapo."

Ile vita iliwapita. Walichokishika ni neno ambalo Sista alilisema kwa kupita tu, akiwa anakamua kitambaa: kwamba nyumba ile ya Lazaro ilikuwa na mkubwa wake, na kanuni ya zamani ilikuwa kwamba mkubwa sharti awe mkoma.

"Mzima hakuwaamuru?" Kibwana aliuliza.

"Mzima hakuwaamuru."

"Hata awe na elimu?"

"Hata awe na elimu."

Kibwana alirudia maneno yale siku kadhaa, kama mtu aliyepewa kitu na bado hajajua atakiweka wapi. Mahali pa kukiweka palipatikana baada ya Uhuru. Kambi ilipotoka kwa misheni, aliletwa msimamizi mzima wa mwili, kijana nadhifu, aliyewapokea wagonjwa dirishani na kusukuma mablanketi yao kwa fimbo ili mkono wake usiguse mikono yao. Hakuwa mkatili. Aliogopa tu, na woga wake uliwachoma kuliko ukatili. Alipohama, hakukaa hata mwaka, watu walikutana bandani wakakubaliana: kuanzia leo mkubwa wa Kwemihama atatoka kwenye benchi, kama kwa wale wa Lazaro. Wakamchagua Kibwana. Kanuni haikuandikwa popote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuisahau.

Sista alirudi kwao mwaka wa sitini na sita, mgonjwa wa moyo. Simeo alimsaidia kufunga sanduku, na hapo ndipo alipomsimulia mkia wa hadithi, ule ambao hakuwahi kuwaambia wengine.

"Ilikuja vita moja karibu na Gaza," Sista alisema, "wakafa wakoma wote waliokwenda. Wote, Simeo. Nyumba ikakosa mtu wa kuiongoza. Wakamwandikia Papa, naye akawaruhusu wamchague mzima."

"Mbona hukuwaambia kina Kibwana?"

"Nilitaka wabaki na ile sehemu nzuri."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo walirudi Ulaya. Walikuwa na mashamba mengi huko. Wakoma wakapungua, nyumba ikabaki na jina." Alilikalia sanduku ili lifungike. "Ni hadithi ya kawaida tu."

Kibwana alikufa katikati ya Ramadhani, akiwa amekwisha ongoza kambi miaka kumi. Hakurithiwa na mtu. Wagonjwa wapya walikuwa wachache, waliopona walikwenda zao, na waliobaki walikuwa wazee ambao macho au miguu ilikwisha waacha. Ndipo ikaja Operesheni Vijiji.

Katibu Tarafa, Bwana Mhina, alifika kwa baiskeli akiwa amelowa jasho mpaka kwenye soksi. Alikuwa mtu mwema aliyelala kidogo. Tangu Januari alikuwa amehamisha watu ambao hawakutaka kuhama, na sauti ilikuwa imemkauka.

"Ndugu zangu," alisema bandani, "kambi hakuna tena. Mtu ni mtu. Hiki ni kijiji, na kijiji kina mwenyekiti. Mkinipa mwenyekiti anayesoma na kuandika, anayeweza kutembea mpaka kwenye mikutano Chanika, nawaandikisha peke yenu hata kama ni wachache. Msipompata, nitawaunganisha na wenzenu wa ng'ambo ya mto."

Hao wenzao wa ng'ambo ya mto walikuwa wamezungushia kisima chao miiba tangu ukame uanze. Walisema mkoma akitaka maji achote kule chini, ng'ombe wakishakunywa.

"Sasa shida iko wapi?" Mhina aliendelea. "Dresa si huyo hapo?"

Aliyejibu alikuwa bibi Tatu, mwanamke wa Kizigua mwenye jicho moja lililobaki, na hilo moja lilitosha. "Dresa ni mtu wetu, baba. Lakini ni mzima."

"Uzima nao ni kosa?"

"Si kosa. Mungu amempa. Ila mkubwa wa hapa anatoka kwenye benchi."

Mhina alimtazama Simeo kama anayeomba mkalimani. Simeo akatazama chini. Mwishowe Mhina akasema yuko kijana Chanika, Abdi, amemaliza darasa la saba, yuko tayari kuja kuishi nao na kuwa mwenyekiti ikiwa watamkubali. Akawapa wiki mbili, akapanda baiskeli.

Wakati wote huo mkono wa shati la Simeo ulikuwa umefungwa kifungo. Ulikuwa umefungwa hivyo kwa miezi minane. Juu ya kifundo cha mkono wa kushoto lilikuwapo baka lenye rangi ya majani makavu, upana wa kifuniko cha chupa, kisha upana wa kikombe. Aliliona akioga. Alilifinya, akalichoma kwa sindano ya kushonea viatu, na alipoona tone la damu limetoka bila kuleta habari yoyote, alikaa kwenye kigoda cha bafuni mpaka maji yakapoa. Tangu siku hiyo alikuwa akimeza dawa. Hakuthubutu kujiandikia kadi, kwa hiyo alitumia ya Kibwana. Kwenye makaratasi ya kambi, marehemu alikuwa bado anakunywa vidonge vyake bila kukosa hata siku moja.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa akisugua kisigino cha Tatu, yule bibi alisema, "Joto hili, Dresa, na shati la mikono mirefu. Unakwenda harusini?"

"Mbu, bibi."

"Mbu wa saa mbili asubuhi." Akamsogezea kisigino cha pili. "Mimi nilijifunga kanga mbili mwaka mzima. Mume wangu akadhani nimepata adabu."

Simeo alisugua. "Ni mba tu," alisema.

"Sijakuuliza."

Alifikiria maneno ya Mhina kwa siku nyingi, akiosha, akishona, akipika uji wa ule unga wa njano. Hakuona kama anadaiwa chochote na mtu. Alikuwa na mkia wa hadithi, na mkia ule ulitosha kumfungulia mlango. Angewaambia kwamba hata wale wa Lazaro walifika mahali wakamchukua mzima. Wangemkubali Abdi. Kijiji kingeandikishwa, kisima kingepatikana, naye angekwenda Mazinde na mkoba wa vidonge chini ya nguo, akalale kwenye nyumba yake. Dawa angefuata Korogwe, aseme ni kikohozi. Baka lingefifia. Serafina hakuwa mtu wa kuchunguza mikono.

Mhina aliporudi, Simeo aliomba kusema. Alisimama mbele ya benchi, akawasimulia vita ya Gaza, vifo vya wote, barua kwa Papa, ruhusa. Alisimulia vizuri. Watu walisikiliza kwa utulivu wa watu wanaopata habari za jamaa waliofariki.

"Huyo mkubwa mzima," Tatu aliuliza, "alikuwa anaosha miguu?"

"Sijui, bibi. Sista hakusema."

"Na waliomfuata?"

"Baadaye walikuwa na mashamba mengi. Wakoma wakapungua."

"Walipona?"

"Sijui kama walipona."

"Basi walikwenda wapi?"

Mhina alitazama saa yake. Mzee mmoja wa mwisho wa benchi akajikohoza. "Sisi tulishika kanuni kwa sababu ya hadithi. Kama hadithi yenyewe imeruhusu, nani abishe? Na anayesema ni Dresa. Hajatudanganya."

Mhina aliona mwanya akauingia. "Wanaomkubali ndugu Abdi wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Ilipanda polepole, mingine haina vidole, mingine vidole vimekunjika kama kucha za ndege, na Simeo aliijua yote, kila kovu na mwaka wake. Hawakuwa wakimkubali Abdi, kijana ambaye hawakuwa wamemwona. Walikuwa wakikubali neno la Simeo. Kama angekuwa na nguvu zaidi siku ile, labda angevumilia mpaka hesabu iishe. Lakini alikuwa amechoka, na kitu kilichomchosha kuliko vyote, kuliko magoti na mgongo, kilikuwa kile kifungo.

"Ngojeni," alisema.

Alihangaika nacho. Mhina akadhani anaona joto. Kisha mkono wa shati ukapanda mpaka kwenye kiwiko, na Simeo akaunyoosha kuelekea benchi, kama wao walivyomnyooshea miguu miaka yote.

Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa mafundi wa jambo hilo. Waliinama kidogo, wakatazama kingo za lile baka.

"Tangu lini?" Tatu aliuliza, ingawa alijua.

"Miezi minane."

"Na dawa?"

"Nakunywa. Kwenye kadi ya Kibwana."

Yule mzee wa mwisho wa benchi akacheka kwa pua. "Ndiyo maana marehemu nilimwona ndotoni ana afya."

"Shusheni mikono," Tatu aliwaambia wenzake. "Tunaanza upya. Dresa, njoo ukae. Huwezi kuchaguliwa umesimama."

Wakamsogezea nafasi. Simeo akakaa kwenye benchi ambalo alikuwa amelipiga dawa ya mchwa kila kiangazi na hakuwahi kulikalia. Bwana Mhina alirudi nyuma nusu hatua. Kisha akakumbuka mwenyewe alichokisema wiki mbili zilizopita, akasogea mbele, akafungua daftari na kuandika jina.

Wiki iliyofuata Simeo alikwenda Mazinde. Serafina alikuwa uani akichambua mchicha, na alipomwona mumewe amekuja bila sanduku aliendelea kuchambua. Simeo aliketi kwenye kinu kilicholala, akamwambia yote kwa mfululizo, baka, dawa, mkutano. Hakuacha kitu.

"Inaambukiza?"

"Nikinywa dawa, hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana. Haiumi. Ndiyo shida yake."

Serafina alitupa majani mabovu kwa kuku. "Miaka ishirini na miwili watu wananiambia una mwanamke huko. Nilikuwa nawajibu, laiti." Kisha akauliza kwa sauti ileile, "Kwa nini uliwaambia wao kwanza? Mimi sikuwepo?"

Simeo alitazama mikono yake.

"Mimi ningekuficha," Serafina alisema. "Ningekuweka ndani humu, nikasema ana malaria, ana mgongo. Hakuna ambaye angejua mpaka kufa."

"Najua."

"Basi ndiyo maana hukuja kwangu kwanza."

Hakukanusha. Treni ya mizigo ilipita kuelekea Mombo, ndefu, na wote wawili waliingoja imalize kama ni mgeni anayeongea.

"Chumba cha mbele nimekipaka chokaa," Serafina alisema. "Nenda kakione."

Alikwenda. Kulikuwa na kitanda cha kamba kipya, kiti cha mkono, na dirisha linalotazama milima ya Usambara, ambayo siku ile ilikuwa imefunikwa na vumbi la ukame. Simeo alikaa kitini. Kilikuwa kiti kizuri. Alikaa mpaka aliposikia sufuria inaepuliwa, akatoka.

Walikula. Alipokuwa akinawa, Serafina alisema, "Mimi siji huko. Usiniombe."

"Sikuombi."

"Na mimi nimechoka, Simeo. Usidhani ni wewe peke yako." Alikusanya sahani, zote mbili pamoja, akazipeleka kwenye beseni moja. "Njoo mwezi wa kumi. Sasa hivi sijui nilivyo. Mwezi wa kumi nitakuwa nimejua."

Asubuhi yake aliteremka Korogwe kutafuta lori la Handeni. Mkutano wa wenyeviti ulikuwa Jumatatu, Chanika, na alikuwa na jambo moja la kuwaambia, la kisima na miiba iliyozungushwa. Njia nzima alikuwa akilipanga na kulipangua, atakavyolisema ili watu wasikie maji kwanza kabla hawajasikia ukoma. Lori lilikuwa limejaa. Alipata upenyo kwenye ubao wa nyuma, akabana mkono wake wa kushoto kwenye mbavu, asimguse mtu.

Mwanamke mnene mwenye vikapu viwili vya mihogo mikavu alipanda nyuma yake, akamtazama, akautazama ule upenyo.

"Sogea, mzee," alisema. "Na sisi tuchoke tukiwa tumekaa."

Akasogea.